Uso wa Shaba wa Ijumaa Kuu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko na kwa herufi zitakazokosewa. Ninaandika polepole sana, na nikifika mwisho wa mstari nakuwa nimesahau mwanzo wake, ndiyo maana maneno yangu yanaanza makubwa na kuishia madogo. Nilisoma shule ya msingi, basi. Hapa Durban Kiswahili nakisikia kwa watu wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura na wa Kigoma, kila mmoja na namna yake, na mimi naandika kama nilivyosikia mara ya mwisho. Mkikuta kosa, lirukeni, habari iko mbele yake.

Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyotengeneza kofia ya vita ya mpanda farasi wa Kirumi, na jinsi papa, baba yangu mzazi, alivyoivaa mbele ya kanisa letu siku ya Ijumaa Kuu.

Kazi yangu ni kushona mabegi. Nina meza pale Warwick, chini ya daraja, katikati ya mama anayeuza mizizi na magome ya dawa na kaka anayeuza makava ya simu. Natia zipu, nabadilisha magurudumu ya masanduku, narudisha mikanda ya mabegi ya shule, na viatu pia vikija navishona. Naipenda kazi hii kwa sababu mtu aliyeleta begi lililochanika hulitazama begi. Hanitazami mimi.

Papa anafanya kazi kwenye mabanda ya farasi wa mashindano, nje ya mji, kule juu mlimani. Anawaosha, anawapiga brashi, anawasafisha kwato, anawatolea samadi, halafu anawashika hatamu na kuwapeleka kwa watu wanaowapanda. Yeye mwenyewe hapandi. Wanaopanda ni watu wafupi na wepesi, na papa ana urefu wa mlango. Kwetu, upande wetu wa ziwa, hakukuwa na farasi. Farasi wa kwanza aliyemgusa maishani alimgusa hapa, na farasi huyo akamuuma.

Kanisani wanamwita Papa Samadi. Jina hilo alipewa na shefu wa kwaya, yaani kiongozi wa waimbaji, ambaye ana duka la simu mjini na shati jeupe kwa kila siku ya juma.

"Papa Samadi, leo umeoga?"

"Nimeoga, shefu."

"Bon. Basi ni sisi tunaonuka."

Watu wanacheka, papa anacheka nao. Tukirudi nyumbani hacheki.

Sasa, kila Ijumaa Kuu kanisa letu linaigiza mateso ya Yesu kwenye uwanja wa michezo wa shule tunayokodi ukumbi wake. Tatizo ni Warumi. Hakuna anayetaka kuwa Mrumi. Wote wanataka kuwa mitume, hata Yuda anapata watu wa kumgombania kwa sababu anaongea. Mrumi haongei. Anasimama tu, na nguo zake ni aibu: kitambaa chekundu cha meza mgongoni, na kichwani ndoo ya plastiki ya aiskrimu iliyokatwa. Mwaka mmoja, wakati askari anainua mkuki kumchoma Bwana ubavuni, ndoo yake ilizunguka kichwani na neno "vanila" likaja mbele kwenye paji la uso. Watu walicheka mbele ya msalaba. Aliyekuwa msalabani naye alicheka.

Mama pasteri, mke wa mchungaji, hakucheka. Mwaka uliofuata, Pasaka ilipokaribia, alikuja mpaka mezani kwangu.

"Mwanangu, wewe unashona vitu vigumu."

"Ndiyo, mama."

"Nataka kofia za Warumi. Kumi. Za kweli, si za aiskrimu."

Nikasema ndiyo. Sijawahi kujua namna ya kumwambia hapana mtu aliyesimama.

Jioni nilimweleza papa. Tulikuwa tunakula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu. Aliacha kutafuna.

"Warumi walikuwa na farasi?"

"Sijui, papa."

"Uliza."

Halafu akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba muda mrefu. Pale mabandani kuna farasi mzee aliyemaliza mashindano. Mwenye farasi huyo ni mama mmoja wa umri mkubwa ambaye anamwamini papa kuliko anavyowaamini watoto wake, na anamwachia amtembeze anavyotaka. Trela ya kumbebea ipo. Papa alisema haya yote akitazama sahani.

"Nikipanda ile farasi siku ya Ijumaa Kuu, wataniona. Kanisa lote. Wataniona niko juu."

"Ndiyo, papa."

"Sitaki kingine. Mara moja tu, waone ni mimi."

Mama pasteri alitafuta kwenye Biblia na akakuta, katika Matendo ya Mitume, kwamba siku walipomsafirisha Paulo usiku walimpa wapanda farasi sabini. Akaja kwenye kikao akiwa na kidole ndani ya kitabu. "Wako!" akasema. "Sabini!" Sisi tulikuwa na mmoja, lakini kwa imani huyo alitosha.

Shida ni kwamba mara tu lilipotajwa neno farasi, shefu wa kwaya alisimama akasema yeye ndiye atakayepanda. Kila mwaka yeye ndiye anayepata nafasi kubwa, kwa sababu ya sauti yake na mabega yake. Ni mrefu kama papa. Alilitangaza mbele ya kanisa Jumapili hiyo hiyo, baada ya sadaka.

Papa alimuuliza kwa upole, "Umeshapanda farasi, shefu?"

"Farasi na pikipiki iko tofauti gani? Si ni kukaa tu?"

Papa akamkaribisha mabandani Jumamosi. Shefu akaenda na shati jeupe. Aliporudi alikuwa na habari fupi kuliko kawaida yake. Alimwambia mama pasteri pembeni kwamba Mungu amempa karama ya sauti na si vizuri kuchanganya karama. Hivyo papa akapata nafasi. Lakini shefu, aliyekuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba atapanda, hakutangaza kwamba hatapanda. Hilo lilituletea taabu baadaye.

Mimi nilibaki na swali la papa. Nina mteja mmoja kutoka Westville, baba mwenye miwani anayefundisha mambo ya kale pale chuoni. Alikuwa ameleta mkoba wake mkono ukiwa umekatika. Siku hiyo nilitaka kumuuliza nikashindwa, nikashona mkono. Akarudi na zipu imekufa. Nikashindwa tena, nikatia zipu. Mara ya tatu alikuja na mkoba mzima kabisa, akasema nikague tu mshono. Nilikagua. Halafu, nikiwa bado nimeinama ndani ya mkoba wake, nikauliza kwa Kiingereza changu kidogo: Warumi wa farasi walivaa nini?

Alikaa kwenye kreti langu la wateja zaidi ya saa nzima. Nadhani alikuwa amengoja miaka mingi mtu amuulize.

Alinieleza kwamba kofia ya askari wa miguu iliacha masikio wazi, kwa sababu lazima asikie amri. Kofia ya mpanda farasi ilifunika masikio kabisa, maana yeye hupigwa kutoka pande zote, na juu ya ile chuma ya shavu walichonga sikio la chuma, kama kumkumbusha mtu kwamba ndani kuna sikio lingine. Juu walichonga nywele, vipilipili na mawimbi, na wengine walibandika nywele za kweli. Nyuma ya shingo kofia ilishuka karibu na mwili, isitokeze sana, ili mtu akianguka isimvunje. Upanga wao ulikuwa mrefu kuliko wa askari wa miguu, ngao bapa ya umbo la yai, na vazi la pete za chuma lililopasuliwa mapajani ili mtu aweze kukaa. Tandiko lilikuwa na pembe nne, mbili mbele na mbili nyuma, zilizombana mpandaji. Vyuma vya kukanyagia miguu hawakuwa navyo.

Akanieleza pia wapiga mishale wa farasi, watu wa upande wa Siria. Kofia zao zilichongoka juu kama kitunguu. Pinde zao ziliunganishwa kwa mti, pembe na mishipa ya mnyama, na podo la mishale lilining'inia kwenye tandiko. Waliweza kugeuka nyuma na kupiga huku farasi anakimbia mbele.

Halafu akafungua simu yake akanionyesha uso.

Alisema siku za maonyesho wapanda farasi walivaa kofia yenye uso mzima wa shaba au chuma, umefungwa kwa bawaba kwenye paji, unashuka na kufunika uso wa mtu. Kuna tundu za macho, na mdomo umeachama kidogo. Wengine walivaa uso wa kiume, na wengine, wanaume hao hao, wakavaa uso wa kike. Niliutazama mpaka simu yake ikazimika. Akaiwasha. Ikazimika tena, akaiwasha tena bila kulalamika.

Niseme ukweli wa nilichowaza. Niliwaza kwamba Warumi walikuwa watu wenye akili. Mtu anatoka mbele ya umati, anafanya yote yanayotakiwa, na hakuna anayemwona. Pale kanisani vijana hupangiwa zamu ya kuomba kwa sauti, na mimi wiki ya zamu yangu huwa naugua. Ningekuwa na uso wa shaba nisingeugua. Nikaamua papa apate kitu hicho, kwa sababu kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Sikumuuliza kama anakitaka. Alikuwa ameniambia mezani, kwa maneno mepesi, anachotaka, nami nilisema ndiyo papa.

Kofia tisa za askari wa miguu nilizifanya kwa ngozi za makochi yaliyotupwa, nikaziloweka na kuzikausha juu ya sufuria. Vichwa nilivipima Jumapili moja baada ya ibada, kwa utepe wa viatu. Hizo zilikwenda haraka.

Ya papa ilichukua wiki tano. Kichwa chake nilikifanya kwa sufuria ya alumini iliyopoteza mikono. Uso nilitumia sinia za shaba za zamani nilizopata kwenye duka la Wahindi la vitu vilivyotumika. Mwalimu wa Westville aliniambia shaba ukiipasha moto hadi ibadilike rangi halafu uiache ipoe, inalainika. Ukiigonga inakuwa ngumu tena, unairudisha motoni. Niligonga juu ya mfuko wa mchanga, asubuhi kabla ya wateja, mpaka mama wa mizizi akauliza kama nimeanza kutengeneza majeneza. Sinia ya kwanza ilipasuka puani. Ya pili ilipasuka kidevuni. Ya tatu ikakubali. Nilitaka uso uwe wa papa, lakini ulitoka kama mtu anayengoja namba yake iitwe ofisini na hana haraka. Nikauacha hivyo.

Bawaba nilitoa kwenye sanduku la safari. Ndani nilitia blanketi mara mbili, na kwenye masikio mara tatu, isije ikamuumiza. Nyuma, chini ya kofia, niliweka mkanda wa begi la shule na bizimu ngumu, ili farasi akirukaruka uso usije ukafunguka. Papa mwenyewe alileta nywele za mkia wa farasi zilizokuwa zinabaki kwenye brashi, akizikusanya kila siku ndani ya mfuko wa mkate, nami nikazishona juu ya kofia zikasimama kama kishungi cha jogoo. Hakujua bado kofia yenyewe itakuwaje.

Tandiko tulilifanya pamoja. Pembe nne nilizijaza mbao na vipande vya sponji. Papa aliliangalia muda mrefu.

"Na miguu inakanyaga wapi?"

"Haikanyagi, papa."

"Eish."

Lakini alipolikalia juu ya yule farasi mzee, siku ya mazoezi, alisema zile pembe zinashika mapaja vizuri kuliko kiti cha taxi. Nilikuwa nimetengeneza pia kinga ya uso wa farasi, ya ngozi, yenye vibakuli vya matundu mbele ya macho, kama zao. Farasi aliivaa kwa muda wa kupumua mara moja, kisha akaitupa kwenye ndoo yake ya maji.

"Anataka kuona," papa akasema. "Wewe ungekubali ufungwe hivyo?"

Nikaitoa majini. Mimi ningekubali.

Kuhusu upinde, mama pasteri alikataa. "Mishale hapana. Kuna watoto." Akaruhusu podo, likiwa tupu. Nilimweleza mwalimu wa Westville kwamba mpanda farasi wetu atakuwa na podo lakini hana mishale wala upinde. Akavua miwani akaifuta. Alisema jambo hilo halijulikani katika historia. Nikamwambia ni amri ya mama pasteri, akaelewa.

Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu nikampa papa kofia. Aliishika kwa mikono miwili.

"Uso wa nani huu?"

"Si wa mtu, papa."

Akaivaa. Nikamfunga mkanda nyuma. Alisimama katikati ya chumba chetu, mrefu, akiwa na uso wa mtu asiye na haraka.

"Unaonaje?" nikauliza. Hakujibu. Nikauliza kwa nguvu zaidi. "Papa! Unaonaje?"

"Naona mbele tu," sauti ikatoka ndani.

Nilipomfungua aliigeuza kofia, akaisugua shaba kwa pindo la mkono wa shati.

"Umefanya kazi, mama," aliniambia mimi binti yake. "Vraiment, kweli. Kazi kubwa."

Halafu akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Nilidhani amefurahi mpaka maneno yamemwishia. Mimi nikifurahi huwa hivyo.

Ijumaa Kuu asubuhi nikafika uwanjani na kofia tisa ndani ya mfuko wa mkaa, na hapo ndipo nilipogundua kosa langu la kwanza. Nilipima vichwa kabla ya Pasaka. Kwetu hakuna mtu anayeingia Pasaka na nywele za zamani, na nusu ya kanisa inafanya kazi salon. Tangu Jumatano wale askari tisa walikuwa wamekaa kwenye viti wakisukwa, wakinyanyuliwa, wakipakwa. Mmoja alikuwa na rasta mpya hadi mabegani. Mwingine alikuwa amepandisha nywele juu kama mkate wa kopo. Kofia zilikaa kileleni na kuteleza chini.

"Dada, kofia imepungua."

"Ni kichwa kimeongezeka," mama pasteri akasema. "Sukuma."

"Mama, nisukume? Nimekaa salon saa sita!"

"Bwana wako anakwenda kusulubiwa, wewe unalinda rasta?"

"Mama, si mimi ninayemsulubu?"

Mwishowe mama pasteri aliamua askari washike kofia kwapani, iwe heshima kwa Bwana. Kwa hiyo Warumi tisa walitoka uwanjani wakiwa na nyuso wazi na nywele zinang'aa, na kila mtu akamtambua ndugu yake. Aliyefunikwa alikuwa mmoja tu.

Papa aliingia kwa geti la shule akiwa juu ya farasi. Nimeona vitu vichache vizuri, kwa hiyo sijui kulinganisha. Jua lilipiga ile shaba. Zile nywele za mkia zilitikisika juu. Alikaa wima kati ya pembe nne, miguu inaning'inia, podo tupu pembeni, na yule mzee akatembea kwa miguu mirefu kama anakumbuka mashindano. Watu wote waligeuza vichwa. Aliyebeba msalaba alisimama kuangalia, Pilato akamwambia aendelee.

Kisha nyuma yangu, kwenye viti vya akina mama, maneno yakaanza.

"Ni shefu!"

"Ni yeye. Alitangaza mwenyewe kwamba atapanda."

"Ona anavyokaa. Mtu wa sauti, hata juu ya farasi anajulikana."

"Papa Samadi amemfundisha vizuri."

"Na Papa Samadi mwenyewe yuko wapi?"

"Si yuko nyuma ya gari na beleshi."

Walicheka, bila ubaya. Simu ziliinuliwa. "Shefu! Shefu! Angalia huku!" Shefu mwenyewe alikuwa hajafika. Alikuwa amekwenda kuchukua spika na amekwama kwenye robot za mjini, zile taa za barabarani.

Mpango ulikuwa papa azunguke uwanja mara tatu, kisha atoke kwa geti lile lile na kupandisha farasi kwenye trela kabla ya jua kali. Mzunguko wa kwanza uliisha huku wanaita shefu. Kwenye wa pili, alipopita mbele ya kwaya, kwaya nzima ilisimama na kumpigia kiongozi wao makofi. Hapo nikaona mkono wa papa wa kushoto ukiacha hatamu na kwenda nyuma ya kofia. Ulitafuta bizimu. Ulivuta, ukasukuma, ukavuta tena. Bizimu ile naijua, niliichagua kwa sababu haifunguki ovyo. Mkono ukarudi kwenye hatamu. Mgongo wake ukanyooka, uso wa shaba ukaendelea kutazama mbele bila haraka.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Ulibaki mzunguko mmoja.

"Papa," nikaita.

Mama aliyekaa karibu nami akageuka. "Umesema nini, mwanangu?" Yeye hakunisikia, na hakuwa na blanketi mara tatu masikioni.

Ilinibidi niingie uwanjani. Pale kuna nyasi tupu, na watu wamekaa pande zote nne kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimevaa sketi ya kazi yenye gundi. Nilipita mbele ya Pilato. Nilipita kati ya askari wawili, mmoja akaninong'oneza, "Dada, unaenda wapi?" nami nikaendelea kutembea. Mama pasteri alinifuata kwa hatua fupi za hasira.

"Wewe ni nani katika mchezo?"

"Mwanamke wa Yerusalemu," nikasema.

Alifikiri kidogo. Kwenye Biblia wapo. "Lia basi," akasema, akarudi.

Farasi alinijua, akasimama. Nikavuta suruali ya papa. Uso wa shaba ukainama.

"Iko nini?" sauti ikatoka ndani.

Nilionyesha nyuma ya shingo yangu. Aliinama zaidi, akishikilia pembe mbili za mbele, na tandiko likambana asianguke, hapo mwalimu wa Westville alisema kweli. Nilifungua bizimu, nikainua uso ukapanda juu ya bawaba, ukabaki kwenye paji ukiangalia mawingu. Chini yake papa alikuwa amelowa jasho, na alama za mshono wa blanketi mashavuni.

"Wanaita nini?" akauliza. "Nasikia kama niko ndani ya maji."

"Wanasema wewe ni shefu."

"Shefu."

"Ndiyo, papa."

Alitazama viti vyote, pande nne. Kutoka mbali, chini ya ile kofia, bado wengine walikuwa wanaita shefu.

"Waambie," akasema.

"Mimi?"

"Mimi ni Mrumi, mama. Siruhusiwi kuongea."

Hilo lilikuwa kweli. Nikageuka kwa watu. Nilisema, "Huyu ni papa wangu." Nilisema kwa sauti ninayotumia mezani kumwambia mtu zipu yake iko tayari. Safu ya kwanza ilisikia. Safu ya kwanza ikaiambia ya pili. Niliona habari ikienda nyuma, kichwa kwa kichwa, mpaka kule mwisho kabisa mtu akasimama juu ya kiti.

"Papa Samadi?!"

"Haiwezekani!"

"Ni yeye! Ona masikio!"

"Ayi, Papa Samadi ndiye yule!"

Papa akagusa farasi kwa visigino akaenda mzunguko wa tatu, uso wazi, ule mwingine ukiwa juu ya kichwa kama kifuniko kilichoinuliwa. Alikwenda polepole kuliko mizunguko miwili ya kwanza. Hakutabasamu, kwa sababu Bwana alikuwa anasulubiwa, lakini alipita karibu sana na viti. Mbele ya akina mama alisimamisha farasi kabisa, akakaa pale muda ambao haukuwa kwenye mpango, kila mmoja amwone vizuri. Kwaya haikujua kama ikae au isimame. Mimi nilibaki katikati ya nyasi, na kwa kuwa mama pasteri alikuwa ananitazama, nikalia kidogo.

Shefu alifika na spika wakati tunakunja viti. Mtoto mmoja akamuuliza alishuka kwenye farasi saa ngapi.

Papa bado wanamwita Papa Samadi. Nilidhani litabadilika, halikubadilika. Jumapili ya Pasaka shefu alimuuliza tena kama ameoga, papa akajibu, "Njoo Jumamosi mabandani, unioshe," na waliocheka safari hii walimtazama shefu. Nyumbani, siku ile ya Ijumaa, tulikula mpaka sahani yake ikaisha.

"Wa nyuma pia waliniona?" akauliza.

"Wa nyuma pia, papa."

"Yule aliyepanda kiti?"

"Yeye ndiye aliyekutambua."

Akasogeza sahani nimwongezee bugali.

Mama pasteri anataka wapanda farasi wawili mwaka ujao, na sijui yule wa pili atatoka wapi. Nyinyi mnaosoma, niandikieni. Nielezeni Mrumi wa kanisa lenu anavaa nini kichwani, na kama yupo kati yenu anayejua kufunga uso wa shaba ili aliyeuvaa aweze kuufungua mwenyewe kwa mkono mmoja akiwa juu ya farasi, anichoree. Nitajibu kila mmoja, hata ikichukua muda.